Ribiti Nne za Baba

Juzi nilishuka mwaloni Katonga kununua migebuka, nikakuta mwuza samaki amefunika ndoo yake kwa sufuria kuukuu. Kitako kilikuwa na kiraka chenye ribiti nne, zile pini za kubania bati, zimelala sawasawa hata kidole hakikwami. Machozi yakanilenga palepale. Ilikuwa kazi ya baba yangu.

Wa rika langu mtakumbuka miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Burundi, na ndege za misaada zikitua Kigoma kila kukicha. Baba alikuwa fundi bati kwenye karakana ndogo ya ndege, kando ya uwanja. Karakana ile ililisha watu wengi kule kwetu Buzebazeba. Bibi aliwapikia mafundi ugali na samaki, jirani aliwafulia ovaroli, mumewe akazishona zilipochanika. Halafu ndege zikahamishiwa kwingine, karakana ikafungwa. Wiki hiyohiyo bibi alibandika sufuria moja badala ya tatu, na kamba ya jirani ikabaki na nguo za wanawe tu.

Baba akafunga begi aende Mwanza kutafuta kazi. Niliogopa mno, maana baba wa rafiki yangu alikuwa ameondoka hivyohivyo na hakurudi.

Siku ya safari, mama mmoja mkimbizi aliingia uani na sufuria iliyotobokea mtumbwini.

"Amahoro, fundi. Ninayo hii moja tu, na watoto ni watano."

Baba akafungua begi, akatoa nyundo. Alikata bati, akapima, akapima tena, utadhani sufuria ile ingeruka na abiria. Honi ya treni ikalia, wala hakuinua kichwa. Alipomaliza, akakataa kuitoa.

"Bado jicho la pili," alisema.

Karakanani, aliyepiga ribiti hakuruhusiwa kuikagua kazi yake mwenyewe. Basi akaitwa bibi. Bibi akaijaza maji, akaiweka juu ya gazeti, tukasubiri hadi chai vikombeni ikapoa. Gazeti likabaki kavu. "Ipite," akasema bibi, kwa sauti ya mkubwa wa uwanja.

Kesho yake walikuja akina mama wengi na sufuria zao, na begi la baba likarudi uvunguni. Ovaroli hazikurudi kwa jirani, siwezi kudanganya. Lakini baba alibaki nasi, na sijaona fundi mwingine aliyeiheshimu sufuria ya maskini kama bawa la ndege.

Leo baba hayupo, bibi hayupo, na sufuria ikitoboka watu wananunua nyingine. Pale Katonga niliomba maji na gazeti. Mwuza samaki alicheka, akanipa. Tulipokwisha kusubiri, nikamwomba ainue sufuria atazame gazeti.

"Si utazame mwenyewe, dada?"

"Mimi ni mwana wa fundi aliyezipiga ribiti hizi," nikamwambia. "Siruhusiwi."