Machungwa Sita ya Mama Riziki

Naitwa Kadzo. Nakaa Kiembeni kwa dada yangu Mbeyu, na nauza machungwa Kongowea. Nina usonji tangu kuzaliwa. Nilichelewa kusema, lakini tangu nijue namba, kila kitu nahesabu mara mbili. Sokoni wanajua: kwangu bei tutapatana, hesabu hatupatani.

Aibu yangu ilianzia hapo hapo.

Mama Riziki, mteja wangu wa miaka, alichukua machungwa arobaini. Hesabu ya kwanza, arobaini. Ya pili, arobaini na sita. Mimi sikosei, kwa hiyo yeye kajiongezea.

"Mama, toa sita yangu."

"Mwanangu, ulinyamaza katikati. Nimekuita mara tatu."

"Sijanyamaza. Mwaga kikapu."

Akamwaga, watu wakitazama. Akaniacha na sita yangu, akaenda zake.

Mbeyu alikuwepo. "Kadzo, macho yako yalikwenda. Ulikuwa watafuna na huna kitu mdomoni."

Akanipeleka hospitali, nikabandikwa nyaya kichwani kupima umeme wa ubongo. Daktari akasema, "Hiki ni kifafa. Wenye usonji wengi hupata. Si lazima uanguke, hata kuduwaa vile ni kifafa."

Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni.

"Kimoja je?" nikauliza.

"Hapa si sokoni."

Nikanywa, kuduwaa kukaisha. Nikajiona nimepona, nikajipunguzia mwenyewe: kimoja, kimoja. Siku ya nne nikaanguka kati ya makreti, mchana, soko limejaa. Nilizinduka nimeuma ulimi, nguo imelowa mkojo, nimefunikwa leso ya kujitanda isiyo yangu.

"Nani kanifunika?"

"Yule mwizi wako," Mbeyu akasema. "Ndiye aliyekulaza ubavu, akafukuza watu."

Nikarudia dawa zote. Leso niliifua mara mbili, nikaipeleka kwake Kisauni na machungwa sita juu. Nilishindwa kumtazama.

"Nisamehe, mama. Yalikuwa yako, mimi ndiye niliyekosea. Hesabu, ni sita."

"Naona, mwanangu."

Tangu hapo sijaanguka. Namshukuru Mungu, daktari, Mbeyu, na mama yule. Wenye watoto kama mimi, mkiwaona wameduwaa msiseme ndivyo walivyo, wapelekeni wakapimwe. Na dawa haipunguzwi kama bei.

Mama Riziki bado anakuja kununua. Nikimwona natazama chini, na namhesabia kwa sauti. Akisema nimenyamaza, namwaga kikapu mwenyewe, naanza moja.