Vigae Tulivyong'oa

Nyuma ya uzio wa mabati, kule Gumbo, nayeyusha majerikeni yaliyopasuka na mabeseni mabovu, nachanganya na mchanga, nakandamiza kwenye kalibu, nauza vigae vya kutandika uani. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kuungua vidole. Kila mteja nilimwambia kwamba kwangu hakuna kinachotupwa.

Ulikuwa uongo. Kigae chenye ufa mwembamba kama unywele nilikirusha nyuma ya uzio. Ningeweza kukiyeyusha tena, lakini vilivyoyeyushwa mara ya pili vilitoka na rangi ya majivu, nami sikuweza kuvitazama. Lundo likapanda hadi kifuani. Takataka za watu nilikuwa nimezigeuza takataka zangu.

Plastiki nyingi aliniokotea mama mmoja, Mganda wa Gulu, aliyeuza chai mbele ya uzio. Siku moja nilimkuta ametandika vile vigae vibovu kuzunguka meza yake, mpaka pale alipoweka jiko. Nikamwonyesha nyufa, mmoja baada ya mwingine. Akacheka.

"Binti, kwani mguu yangu iko na macho?"

Nikacheka pia. Lakini wiki ile mwalimu mkuu wa shule moja alikuwa aje kuona kazi yangu, pengine anunue vigae vya uwanja mzima, na angepita kwanza hapo kwa mama. Hofu ikanishika. Asubuhi ya siku yenyewe nikamwomba avitoe, nikamwahidi kumletea vingine vizuri. Aliniangalia kama mtu anayesubiri nimalize mzaha. Kisha akainama, tukaving'oa pamoja.

Mvua ikanyesha kabla ya saa sita. Mwalimu hakuja. Nilikuwa ndani, napanga vigae vyangu bora kwenye mstari ulionyooka, niliposikia birika likianguka. Mama alikuwa ameteleza kwenye tope, pale pale tulipong'oa, na chai ya moto ikammwagikia mguu wote.

Nilimpeleka hospitali kwa bodaboda, nimemshikilia kwa nyuma, nalia. Yeye ndiye aliyenibembeleza. "Maalesh, binti, si neno. Ile jiko, umezima?"

Afadhali angenitukana.

Dada yake alikuja kumchukua, wakarudi Gulu. Nasikia mguu haukunyooka vizuri, na chai hauzi tena.

Siku hizi nayeyusha kila kilichoharibika. Vinatoka vya kijivu, na watu wanavikanyaga bila neno. Vile vya mama nilivirudisha mahali pake, na nyufa zake. Anayesimama juu yake sasa ni muuza kadi za simu, na hajawahi kutazama chini.

Namba ya mama ninayo. Ujumbe wa kumwomba msamaha nimeuandika mara nyingi. Kila nikiusoma naona kuna sentensi haijakaa sawa, naufuta.