Nilikata Rufaa Nishushwe Daraja

Umewahi kuona mtu analia kwa sababu ameambiwa anacheza vizuri?

Basi mtu huyo ni mimi.

Nililia kwenye foleni ya benki, watu wakanipisha mbele wakidhani nimefiwa. Kumbe simu imetetemeka tu mkononi, nikasoma: "Hongera! Umepanda daraja. Sasa uko daraja la nne."

Nne!

Jamani, msianze kunipongeza. Ngoja kwanza niwaeleze tenisi yetu ilivyo.

Ligi yetu ni ya watu wa kawaida. Wauza duka, manesi, madereva, watu na vitambi vyao. Kila mchezaji ana daraja lake. Ukishinda sana, kompyuta inakupandisha. Ukichapwa sana, inakushusha. Na kwenye mechi za wawili wawili kuna sheria moja ngumu kama jiwe: madaraja yenu mkiyajumlisha yasizidi sita.

Na mimi mwenzangu alikuwa mama yangu mzazi.

Mama ni fundi cherehani. Uwanjani aliitwa kushona nyavu zilizochanika. Siku moja akapewa raketi ajaribu, akaupiga mpira ukavuka uzio ukaenda kwa majirani. Hakurudi nyuma tena.

Yeye alikuwa daraja la mbili na nusu. Mimi tatu na nusu. Jumla sita kamili, kama gauni lililopimwa mwilini.

Sasa mimi nikiwa nne, hesabu inamwagika. Hatuchezi tena pamoja.

Nilitoka benki mbio hadi kibandani kwake.

"Mama, tumekwisha!"

"Nani kafa?"

"Nimepanda daraja!"

Akasimamisha cherehani, akanitazama juu ya miwani.

"Wenzangu watoto wao wanawaletea msiba wa kufeli. Wangu kaniletea msiba wa kufaulu."

Akacheka. Mimi wala.

"Nakata rufaa, mama."

"Kata. Ila kabla hujakata, nitungie uzi kwenye sindano hii. Macho yangu siku hizi yananisaliti."

Nikatunga huku domo likiendelea. Hata sikumtazama.

Rufaa ya kwanza unabonyeza kwenye apu. Nikabonyeza. Sijatoa hata kidole, jibu hili hapa: "Imekataliwa."

Nikasema aah, kumbe mnanichezea. Nikaenda kwa binadamu.

Mwenyekiti wa kamati ya madaraja ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Tunamwita Mwalimu Wastani, maana kwake kila kitu kina wastani, hata mvua. Nilimkuta anafagia uwanja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kujitetea. Mimi sichezi vizuri hivyo!"

Akaacha kufagia.

"Miaka yote watu wanakuja hapa kujisifu. Wewe wa kwanza kuja kujichongea. Haya, leta video tuone huo ubovu wako."

Video? Mimi? Wee! Mimi na simu ni pete na kidole. Kila mechi yetu nilikuwa najirekodi. Mama alinishonea kifuko cha kitambaa cha kuning'iniza simu kwenye uzio, kina tundu pale kwenye kamera.

Nikakata vipande vyangu vibaya kuliko vyote. Mimi nimeteleza, miguu juu. Mimi nimepiga hewa. Mimi raketi imenitoka inapaa kama ndege. Nikaunganisha, nikaweka na muziki wa huzuni.

Nikamwonyesha mama juu ya meza yake ya kukatia nguo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Mama hakucheka.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

"Umeniona nilivyoanguka lakini?"

"Nimekuona. Nitumie na mimi hiyo video."

Nikajua anataka kuwachekesha wateja wake.

Jibu la kamati likaja: "Tumeona mchezaji wa daraja la nne aliyekuwa na siku mbaya. Rufaa imekataliwa."

Nililia tena. Safari hii nililia kibandani, nimekaa juu ya marobota ya vitambaa. Mama akaniegemeza begani.

"Nyamaza. Fundi kitambaa kikimgomea upande huu, anakata upande ule."

Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya kunibembeleza tu.

Wiki ya kufungua msimu, simu ikatetemeka.

"Jozi yenu imekubaliwa. Jumla: sita."

Nikasoma mara mbilimbili. Mimi nne. Mama mbili.

Mbili! Kumbe mama naye alikata rufaa yake kimyakimya, na ya kwake imepita!

Nilichizika. Nikaposti hapohapo: "Mama yangu kashushwa daraja, kwetu leo ni sherehe!" Watu wakacheka, wakaniuliza mama gani huyo anafurahia kufeli. Nikamvuta mama katikati ya kibanda, nikamchezesha. Akacheza. Mkono mmoja juu, mwingine umelala tu kiunoni. Nikajua ni madoido.

Siku ya mechi ya kwanza Mwalimu Wastani akanivuta pembeni.

"Pole sana, binti."

"Pole ya nini, mwalimu? Mmetufurahisha kweli!"

"Pole na mama."

"Mama kafanyaje?"

Mzee akababaika. Akaangalia chini, akaangalia mama aliyekuwa anafunga kamba za viatu upande wa pili.

"Nilidhani unajua. Rufaa ya mama yako si kama yako. Ni rufaa ya ugonjwa. Na hiyo hatumpi mwenye mafua, wala aliyeteguka mguu akapona. Tunampa yule ambaye hatarudi tena kuwa alivyokuwa."

Nikamshika mwalimu mkono.

"Lakini nyinyi mmejuaje?"

"Daktari wake alituthibitishia. Na ile video yako. Ndiyo aliyotuletea mama yako."

"Ile video ni yangu mimi!"

"Iangalie tena. Usijiangalie wewe."

Nikaifungua.

Mimi nimeteleza. Nyuma yangu, mama anataka kurusha mpira wa kuanzia. Mkono wa kushoto haupandi. Mpira unadondoka miguuni kwake.

Mimi nimepiga hewa. Nyuma yangu, mama ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, anauinua kama kitu cha mtu mwingine.

Mimi raketi inapaa. Nyuma yangu, mama ameigeuzia kamera mgongo ili nisimwone.

Kumbe sindano ile hayakuwa macho.

Kumbe ile ngoma hayakuwa madoido.

Nikamfuata kwenye benchi. Akaniona tu usoni, akajua.

"Kashakuambia yule mzee wa hesabu. Mdomo wake hauna pindo, unafumuka ovyo."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia, ungekuja hapa kuniuguza. Mimi nilitaka uje kucheza."

"Mama..."

"Misuli inaniaga, mwanangu. Imeanza na mkono huu. Itafuata mingine. Daktari amesema wazi, hana uzi wa kushonea hapo." Akanifuta machozi kwa ukingo wa fulana yake. "Sasa inuka. Wale wanatusubiri, na yule mmoja ana kitambi. Mpigie mipira mifupi."

Tukacheza.

Tulicheza msimu mzima. Sheria inamruhusu mwenye mkono mmoja kuurusha mpira kwa raketi yenyewe, basi mama akawa anauweka juu ya nyuzi, anaurusha, anaupiga. Mguu ulipoanza kumgomea, alisimama karibu na wavu, mimi nikawa nakimbia uwanja wote kama kuku aliyekosa pa kutagia. Yeye ananipigia kelele: "Kushoto! Kulia! Wewe daraja la nne gani unahema hivyo?"

Na tulishinda, jamani. Tulishinda mechi nyingi kuliko tulizopoteza.

Msimu ulipoisha, mama hakuweza tena kushika kikombe.

Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji, simu yake ikalia kitandani. Nikatazama. Nikataka kuificha.

"Nani huyo?" Sauti yake ilishakuwa ndogo.

"Ni apu ya ligi tu."

"Soma."

"Mama, achana nayo."

"Soma, mwanangu."

Nikasoma.

"Hongera! Umepanda daraja. Sasa uko daraja la mbili na nusu."

Nikairudisha simu kitandani.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikaweka kikombe chini, nikamkumbatia, nikajua analia.

Alikuwa anacheka.

"Kompyuta imesema nimepona," akasema, na uji ukimtoka pembeni ya mdomo.

"Nikate rufaa, mama?"

"Thubutu! Hilo nimelipata uwanjani. Liache hapohapo."

Mama alitutoka kabla msimu mpya haujaanza.

Cherehani nimeifunika kwa kile kitambaa cha mwisho alichokuwa anakata. Kifuko cha simu bado kinaning'inia kwenye uzio wa uwanja, Mwalimu Wastani amekataza mtu kukitoa.

Na jina la mama bado liko kwenye apu, chini ya langu. Mimi nne. Yeye mbili na nusu. Kuna kitufe cha kumwondoa mwenzako. Sijakibonyeza.

Kila nikifungua, inanitolea maandishi mekundu: "Jumla imezidi. Wachezaji hawa hawawezi kucheza pamoja."

Hiyo nayo sijaikatia rufaa. Ningempelekea nani?

Wewe unayesoma hapa na simu yako mkononi, nakuomba kitu kimoja. Fungua video yako yoyote uliyojirekodi ukiwa nyumbani.

Usijiangalie wewe. Mwangalie aliye nyuma yako.