Rahima na Carina ya Marehemu

Hii ninayotaka kusimulia hakuna mutu atakayeiamini, na wa kwanza kuikataa atakuwa Rahima mwenyewe, ingawa ni yeye aliyeifanya. Shauri yenu. Mimi nilikuwepo. Nilisukuma kwa mabega haya haya, na kama munaona bega langu la kushoto liko chini kidogo kuliko la kuume, sasa munajua sababu.

Rahima ni mutoto wa dada yangu Zabibu, na mimi ni mujomba wake, ndiyo maana ananiita tonton. Munaopita Nyawera, hapa Bukavu, munamujua hata kama hamujui jina lake: ule mwanamuke wa hijabu ya rangi ya machungwa anayeuza vipande vya magari, kucha nyeusi kwa grisi, mudomo usiopumzika. Ukimwambia gari yako inakohoa, anakuuliza: “Kikohozi kikavu ama cha makohozi?” Na hacheki. Ana diplome ya commerciale, ya mambo ya biashara, iko ukutani. Mimi niliishia cinquième primaire, darasa la tano, kwa sababu mwalimu aliona nimeshajua vya kutosha.

Ufundi aliupata kwa baba yake, marehemu Muzee Latifu, lakini si kwa njia munayofikiri. Latifu alikuwa wa zile familia za Uvira ambazo babu zao walitoka pwani. Aliuza vitambaa, na alipokuwa anashuka Uvira na gari yake, Carina ya kijani, alimuchukua Rahima akae mbele. Gari ikizimika kule Ngomo, pale barabara inaponing'inia juu ya shimo, baba alibaki kwenye kiti anasoma dua, mutoto anashuka kufungua kapo, kile kifuniko cha moteri. Gari iliwaka. Mpaka leo hatujui ni nani kati yao aliyekuwa anaitengeneza. Rahima anadai ni yeye.

Latifu alipotutoka, ile Carina ilibaki kwenye parsele yao, uwanja wa nyumba yao ya Muhumba, miaka na miaka, bila kuwashwa. Dada yangu hakutaka mutu aiguse. Kila Ijumaa aliiosha kwa sabuni, akaipangusa mpaka majirani wakaja kuchana nywele mbele ya mulango wa gari kama kwenye kioo. Kwa inje ilikuwa bibi harusi. Kapo hakuifungua hata siku moja.

Sasa kijana wa mwisho wa Zabibu, Assani, akapata muchumba kule Miti, inje ya muji, jina lake Malaika. Harusi ikapangwa Jumamosi. Na Zabibu akatangaza, mbele ya familia nzima, sahani ya wali mukononi:

“Mimi nitaenda Miti ndani ya gari ya bwana yangu. Ikikataa kuwaka, mutaniletea picha.”

“Maman, tutakukodishia jeep ya muzuri,” Assani akamubembeleza.

“Hiyo jeep ni ya bwana yangu?”

“Hapana, maman.”

“Basi kula.”

Kama munamujua dada yangu, munajua mambo yaliishia pale. Na hii haikuwa muchezo. Mama wa bwana harusi asipofika kumupokea bibi harusi, watu wa kule watasema nini? Watasema amemukataa binti yao. Assani akakonda usiku mumoja mpaka suti ikamupwaya. Jumatano Rahima akafunga duka, akaja Muhumba na kisanduku chake cha funguo za ufundi.

Mimi, kama mukubwa wa familia, nilishaingia ndani ya gari, niko tayari kuiwasha. Rahima akanipiga kwenye vidole na turnavisi yake ya kukazia skrubu.

“Tonton! Unataka kuiua?”

“Nataka kuiamsha.”

“Mutu amelala miaka yote hii, unamwamsha kwa kumuvuta muguu? Moteri iko kavu ndani. Ukizungusha sasa, chuma itakula chuma.”

Akatoa buji zote, zile plagi za kutoa moto, akamwaga mafuta kidogo kwenye kila tundu, akatuambia twende kula. Tuliporudi alishika ufunguo mukubwa, akaufunga mbele ya moteri, akavuta. Hapana. Akavuta tena. Hapana. Akajining'iniza na uzito wake wote, na Rahima, namushukuru Mungu, hakunyimwa uzito. Moteri ikaguna kama muzee anayeinuka kwenye kiti, ikazunguka kidogo.

“Iko muzima,” akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona anatabasamu tangu ile sahani ya wali.

Halafu akafungua tanki. Ile esansi, petroli ya wakati wa marehemu, ilitoka na rangi ya chai, inanuka rangi ya ukutani. Akaimwaga yote, akaweka ingine. Akafungua karburateri, tundu zake ndogo zimeziba kwa utandu wa esansi iliyoganda, akazisafisha na buroshi ya meno ya Assani. Assani aliitafuta mpaka Ijumaa. Mimi sikumwambia kitu. Nilijua bibi harusi atamununulia ingine. Kwenye filtre ya hewa panya walikuwa wamejenga. Niliona sebule, niliona vyumba viwili na baraza. Walikuwa wamekula nyaya pia, Rahima akaweka mupya.

Batri tuliomba kwa Alphonse, jirani mwenye mikono kama miguu. Ile batri ni ya kuangalilia televizyo wakati umeme umekatika, na Alphonse aliitoa kwa sharti moja: akae ndani ya msafara wa harusi, tena karibu na chakula.

Ijumaa tukajaribu. Krr, krr, krr, puh. Inashika, inatetemeka, inakufa. Krr, krr, puh. Rahima akaanza upya kutoka mwanzo. Esansi inafika? Inafika. Hewa inaingia? Inaingia. Moto wa buji upo? Hapo mimi nilijitolea kuupima kwa mukono wangu mwenyewe. Upo. Nathibitisha. Kila kitu kipo, na bado ile gari inashika, inatetemeka, inakufa. Jioni batri ya Alphonse nayo ikaishiwa, kwa sababu mwenye batri alikuwa amekesha nayo, anaangalia mupira kwenye televizyo.

Jumamosi asubuhi magari ya msafara yakajipanga barabarani na maua yao. Zabibu akatoka amevaa, amejipaka, mukoba mukononi. Akafungua mulango wa nyuma wa Carina, akakaa, akafunga mulango, akaangalia mbele kama tayari tunatembea.

Sasa kwetu Bukavu, muji mzima ni mulima. Gari ikikataa hatuiti fundi, tunaita majirani: isukumwe ishuke, iwake njiani. Lakini mutelemuko wa pale kwao unaishia ziwani. Ikiwaka, unapanda na honi. Isipowaka, iko kule chini, na wanaume wa kuirudisha juu hawajazaliwa. Unapata nafasi moja.

Rahima akashika usukani. Sisi tukasukuma, Alphonse, mimi na nusu ya mutaa. Gari ikashika mbio, Rahima akaachia ambreyaji, ile klachi. Puh. Akajaribu tena. Puh! Mutelemuko umebaki nusu, ziwa linaonekana lote hili hapa, na Assani anashuka nyuma yetu kwa miguu, kofia mukononi, anaomba kwa sauti.

Ghafla Rahima akakanyaga freni.

“Simameni!”

Akashuka. Hakwenda kwenye kapo. Alikuja nyuma, akapiga magoti kwenye vumbi na nguo yake ya harusi.

“Inavuta pumzi,” akasema, “lakini haitoi.”

Akaingiza kidole kwenye eshapma, ile bomba ya moshi. Kidole kikagusa kitu laini.

“Maman, uliweka kintu huku?”

Dada yangu akashusha kioo polepole.

“Kitambaa. Ju ya panya, wasiingie.”

“Lini?”

“Ile siku tulimaliza arobaini ya baba yako. Kile kitambaa cha kichwa nilivaa kwenye matanga. Nilikikunja, nikakisukuma na muti ya fagio, kifike ndani vizuri.”

“Na siku zote hizi tuko nahangaika, hukusema?”

“Muliniuliza ufunguo iko wapi, nikawapa. Muliniuliza esansi ilikuwa ya wakati gani, nikawambia. Kuko mutu aliniuliza juu ya matako ya gari?”

Hakukuwa mutu. Rahima akavuta kwa waya, kikatoka kipande cha vidole viwili, kilichobaki kikakwama ndani. Akatazama mutelemuko uliobaki. Akatazama mama yake, ambaye alikuwa ameshapandisha kioo.

“Basi itatoka yenyewe. Sukumeni! Na mutu asisimame nyuma ya eshapma.”

Tukasukuma kama hatujawahi kusukuma kitu. Rahima akaachia ambreyaji, gari ikaruka, na PAAA! Mutaa mzima ukalala chini, hata maman muuza maharagi na maharagi yake: tukisikia mulio kama wa risasi tunalala, ni mazoea yetu hapa. Halafu moshi mweusi. Halafu, ndani ya moshi, moteri ikaanza kuimba. Rahima akageuza kwenye nyumba za mwisho kabla ya maji, akapanda na honi, na nyuma ya kioo dada yangu akatupungia vidole kama bibi ya waziri.

Miti tulifika salama. Mashangazi wa Malaika walikuwa wamesimama barabarani, shingo ndefu, kuona kama mama atakuja. Mama alishuka kwenye gari ya bwana yake, akamukumbatia binti yao mbele ya wote, akalia kidogo, akaomba soda. Assani akarudia ukubwa wa suti yake. Rahima akakataa kuizima gari mpaka harusi ikaisha. Kila walipomwita aje kucheza alijibu: “Nyinyi chezeni, mimi niko na mugonjwa.”

Kinachobaki ni kile kitambaa. Watu wananiuliza kilienda wapi, na mimi nilikiona kwa macho. Kilitoka kwenye bomba kinawaka, kikapita juu ya mabati ya Muhumba, kikapita juu ya mitumbwi, wavuvi wakainama, kikavuka ziwa bila kulowa, na kule ng'ambo, inchi ya jirani, askari wa mupaka akainua mukono, akakiomba pasi, na kile kitambaa kika—

“Tonton.”

“Rahima! Umeingia wakati gani?”

“Niko nyuma yako tangu uliposimulia baraza ya panya. Kitambaa kiliingia ndani ya mudomo yako. Nilisema mutu asisimame nyuma ya eshapma, wewe ukasimama pale pale, mudomo wazi, unapiga kelele ‘sukumeni’. Ni Alphonse alikivuta, na mikono mibili. Simulia hivyo.”

“Nasimulia, mama, nasimulia. Lakini kabla ya kufika mudomoni kilikuwa kimeshazunguka ziwa lote mara mbi—”