Nilimtundika Bibi Harusi wa Watu Sokoni Kakuma

Nimekosa, na kosa langu si la kusingizia shetani wala ujana. Nilikuwa mtu mzima, nimeshiba, akili zangu timamu, na diploma ninayo. Nakuandikia wewe usiyenijua kwa sababu wanaonijua hapa Lodwar sina uso wa kuwaambia.

Kwanza ujue ninayeandika ni nani. Mimi ni mwanamke wa Lokitaung. Baba alikuwa na mbuzi, ukame ukawamaliza. Nikaenda Nairobi kufanya kazi za nyumbani, nikajilipia masomo ya ushonaji na ubunifu wa mavazi hadi nikapata diploma, na hakuna mjomba wala padri aliyenisaidia. Wenzangu wengi waliofika huko walibaki huko. Mimi nilirudi na vyerehani vyangu, kamera yangu, na magauni ya harusi ambayo Lodwar ilikuwa haijawahi kuyaona.

Nikafungua duka la kukodisha magauni na suti. Kabla yangu, bibi harusi wa huku aliyetaka gauni jeupe alisafiri hadi Kitale. Baada yangu alivuka barabara tu. Sehemu hiyo nitaisema kwa majivuno hadi nife, maana niliifanya kwa mikono yangu.

Ila biashara ile ilikuwa na uchafu wake. Wasichana wa mjini walikuja kundi zima, wamejipaka mafuta hadi viwikoni, wakijifanya wana harusi karibuni. Walivaa gauni, wakamwita mpiga picha aliyekuwa akisubiri nje, wakapigwa picha za kila namna, wakavua, wakaenda zao. Nilibaki na gauni lenye jasho la mtu asiye na mchumba. Nilikuwa nikinusa makwapa ya magauni yale na kusikia kichefuchefu.

Basi nikaandika ukutani kwa herufi kubwa: hakuna kupiga picha unapojaribu gauni. Picha ni siku ya harusi, baada ya kukodi. Aliyebisha nilimwonyesha mlango.

Msichana mmoja wa mtaa wa Kanamkemer aliniambia, "Madam, kwani gauni litaisha nikipigwa picha?"

"Gauni haliishi," nikamjibu. "Lakini bwana harusi wako yuko wapi? Nenda umlete kwanza, picha nitakupiga mimi mwenyewe."

Duka zima likacheka. Akatoka ameinama. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Sasa nikufikishe kwenye kosa lenyewe.

Siku moja alikuja msichana kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Mkristo wa kusini mwa Sudan, jina lake nimwite Nyandeng. Alikuja na shangazi yake, Mama Abuk, aliyekuwa akiuza chai na mandazi kule sokoni. Nyandeng alikuwa ameposwa na kijana anaitwa Majok, na harusi ingefungwa katika kanisa la kambini.

Nyandeng alisoma maandishi ya ukutani polepole, kisha akatabasamu. "Hii iko mzuri sana, madam. Mimi nilikuwa naogopa picha."

"Unaogopa nini? Wenzako wananilia niwaruhusu."

Mama Abuk ndiye aliyenieleza. Watu wao wametawanyika, wengine Nairobi, wengine Khartoum, wengine wamechukuliwa Amerika. Harusi ikifungwa kambini, ndugu hao hawafiki. Wanapelekewa picha ya bibi harusi kwenye gauni na bwana harusi kwenye suti, na picha hiyo ndiyo ushahidi wao. Ukoo ukiiona unasema huyu ameolewa, na fulani ndiye mume. "Kwa hivyo picha haichezewi," alisema. "Na ng'ombe bado tunaongea."

Ng'ombe wenyewe wa mahari walikuwa mbali, kwa ndugu, ng'ambo ya mpaka kwenye vita. Pale kambini hakuna aliyeweza kumwonyesha mwenzake hata ndama. Walikuwa wanaoana kwa maneno. Mtu akitamka jambo mbele ya pande mbili, limekwisha, kana kwamba ng'ombe wameingia zizini. Nilielezwa yote hayo, tena nikaelewa. Sitajificha nyuma ya kutojua.

Nilimvalisha Nyandeng gauni langu bora, lile la mikono mirefu. Nimesomea mavazi na nimevalisha wanawake wengi, lakini sijawahi kuona gauni likikaa kwa mtu hivyo. Mama Abuk alifunika mdomo kwa kiganja.

Walitaka pia suti ya Majok, na hapo kukawa na kicheko. "Majok ni mrefu," Nyandeng alisema. "Suti ya Kenya inaishia hapa." Akajigusa chini kidogo ya goti.

Nikamwita binamu yangu Ekai, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamume mrefu kuliko wote niliowajua Lodwar. Alikuwa akipita tu kunisalimia. Akavaa suti yangu ndefu zaidi, akasimama kando ya Nyandeng ili tupime suruali na pindo la gauni kwa pamoja.

"Dada, mke wangu akiniona hapa utanizika wewe," Ekai alisema, na wote tukacheka.

Hapo ndipo nilipochukua kamera.

Nyandeng aliacha kucheka. "Madam, umeandika hakuna picha."

"Hiyo ni ya wateja wahuni. Hii ni ya kazi, nikumbuke pindo lilipofika. Inabaki kwenye droo yangu. Mimi nimesomea mambo haya, usiwe na wasiwasi."

Alimtazama shangazi yake. Shangazi alinitazama mimi. Walimwona mtu aliyesoma, mwenye duka, mwenye sheria yake ukutani. Wakaniamini. Nikapiga.

Filamu niliipeleka Kitale kuoshwa. Iliporudi, nilikaa nikiitazama ile picha kama mtoto wangu wa kumzaa. Wakati huohuo nilisikia kuna mwanamke ameanza kukodisha magauni Kakuma kwenyewe. Nilikwenda kuyaona. Takataka! Shela za pazia, lesi iliyogeuka rangi ya chai. Nikakasirika kwamba watu wanampa kazi mtu ambaye hajui hata kukata shingo ya gauni.

Nikaikuza picha ya Nyandeng na Ekai, nikaitia kwenye fremu, nikakodi kibanda pale sokoni Kakuma na kuitundika mbele, watu wa kambini waone mwenzao alivyopendeza. Nilijua anaishi hapo. Nilijua ng'ombe bado wanaongelewa. Nilijiambia harusi imekaribia, kwamba atafurahi, kwamba hakuna atakayemtambua chini ya shela. Ukitaka kujua mtu anavyojidanganya mwenyewe, niulize mimi.

Walimtambua siku ileile.

Mama Abuk alikuja Lodwar, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuketi. Aliniambia watu wa Majok wameona Nyandeng ameolewa na Mturkana. Sasa wanasema familia yake ni wezi, imemwoza kwa siri Lodwar, na inataka ng'ombe wa pili kwa msichana yuleyule. "Njoo useme," aliniambia. "Neno lako tu. Sema huyo mwanamume ni nani, na picha ulipiga kwa nini."

Nilikwenda. Nataka ujue kwamba nilikwenda nikiwa na nia ya kusema ukweli.

Tuliketi chini ya turubai kando ya kanisa. Upande mmoja watu wa Majok, upande mwingine Mama Abuk na jamaa zake, na Nyandeng nyuma yao akiwa amejifunika kitenge. Msemaji wa watu wa Majok alikuwa baba yake mdogo, Mzee Makuei, ambaye Kiswahili alijifunza kwa kuuza ngozi. Picha yangu ilikuwa katikati, juu ya mkeka.

Pembeni walikuwa wamejaa wanawake wa kambi wakisikiliza. Wateja wangu. Na kati yao alikuwa amesimama yule mwenye shela za pazia, mikono kiunoni, anangoja nivuliwe nguo.

"Ejok," Mzee Makuei alinisalimia, kwa lugha yangu, kwa heshima. "Mama, hii picha ni ya duka lako?"

"Ni ya duka langu."

"Huyu mwanamume?"

"Binamu yangu. Ni mwalimu, ana mke wake. Alikuwa anapimwa suti tu."

Watu wakanong'ona. Nilimwona Majok akiinua uso kwa mara ya kwanza. Ilibaki hatua moja.

"Nimesikia duka lako limekataza picha," mzee akasema. "Hii ilipigwa kwa nini? Nani alitaka?"

Yule mwanamke wa shela akacheka puani. Kicheko kidogo tu. Nikaona jina langu likiburutwa hadi Lokichoggio: msomi wa Nairobi, anawakatazia watu picha halafu anawapiga yeye kwa hila na kuwauza sokoni.

Nikasema, "Duka langu lina sheria. Sipigi mtu picha asipoomba yeye mwenyewe."

Ndivyo nilivyosema. Kwa sauti ya ofisini, kidevu juu.

Mama Abuk alisimama akapiga kelele kwamba ninasema uongo. Mzee Makuei akamwomba aketi. Akaniuliza tena, taratibu, "Msichana aliomba?"

"Aliomba."

Nyandeng alishusha kitenge usoni. Alinitazama namna mtu anavyotazama chakula alichokwisha kukila kabla ya kuambiwa kina nini ndani. Majok akainuka, akatoka. Mzee akasema kwa hiyo msichana aliyeposwa, ng'ombe wake wakiwa wanaongelewa, aliomba kwa hiari yake picha ya ndoa na mwanamume mwingine. Mkeka ukakunjwa.

Njiani kurudi Lodwar nilimwomba dereva asimame, nikatapika kando ya barabara. Dereva alidhani ni joto.

Ndugu yangu msomaji, nimewahi kuchukizwa na jasho la watu, na harufu zao, na mafuta yao ya viwikoni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichonuka kama mdomo wangu siku ile. Niliosha meno, nikala tangawizi. Nilijiona mchafu hadi kwenye ulimi.

Nilikaa hivyo wiki kadhaa. Nilisema nitakwenda wiki hii, nikasema nitakwenda ijayo, ngoja watu wapoe. Ekai aliacha kuja kwangu. Maneno yalifika shuleni kwake na mkewe akarudi kwao Lowarengak na watoto. Wateja wakapungua, na waliobaki walikuwa wakikagua kona za chumba cha kubadilishia nguo kana kwamba nimeficha kamera ukutani.

Mwishowe nilirudi Kakuma. Nilimkuta Mzee Makuei anakunywa chai mbele ya nyumba yake ya udongo. Nikamwambia yote: droo, kibanda, yule mwanamke aliyecheka, uongo wangu. Nililia. Mimi, ambaye Nairobi nzima haikunitoa chozi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Majok ameshaongelewa mke kwa nyumba nyingine. Maneno yamekwisha."

"Mzee, waite watu tena. Nitasema mbele ya wote."

"Siku ile tulikuuliza," alisema. "Leo hatujakuuliza."

Akanimiminia chai. Hakunifukuza, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kufukuzwa.

Nilipita kwa Mama Abuk. Alinisikia mlangoni, akasema bila kutoka, "Kama ni wewe, rudi. Nyandeng hayupo." Baadaye nilisikia amepelekwa kwa jamaa Nairobi, na huko hakuna aliyekwenda kumposa, kwa sababu habari ya picha ilitangulia kufika.

Gauni lile sikulikodisha tena, wala sikuweza kulishika. Nililichoma nyuma ya duka, na sasa nashona sare za shule. Nazishona vizuri kuliko mtu yeyote wilayani, lakini hata sifa hiyo nikijipa nasikia kinyaa.

Wewe mwenye duka la harusi, mtu akivaa gauni lako mbele yako yuko uchi kuliko unavyodhani. Kama umesema hupigi picha, usipige, hata kwa uzuri, hata kwa kazi. Na kama umekwisha kupiga, na siku ikafika uketishwe mbele ya watu na uulizwe, sema hapohapo, jina lako na lichekwe. Wengine wetu tulijibu vibaya mara moja, na hakuna aliyetuuliza tena.