Mama Yenu Haendi Kiamunyi

Nakumbuka siku moja ya kuchuma maua ya pareto, mwanangu, baba yangu mdogo alinikuta jikoni kwa mama nikisonga ugali, akasimama mlangoni akakataa kuingia. Mimi nilikuwa kijana wa kutafuta ndevu kwenye kioo. Nyumba yetu hapa Njoro ilikuwa ya wavulana watupu, na mama alikuwa akirudi shambani mgongo umekwisha, kwa hivyo tulipika, tukafua, tukaosha vyombo. Baba mdogo akamwambia mama ati anaharibu watoto. Mama hakuinua hata kichwa. Akamuuliza, "Siku nikishindwa kuamka, wewe ndiye utakuja kunipikia uji?" Yule mzee akaondoka bila kula. Ugali wenyewe, niseme ukweli, ulikuwa na madonge.

Nilidhani maneno hayo yaliisha siku ile. Kumbe.

Ndevu zilikuja, sasa ni nyeupe. Mwaka jana mke wangu Wanjiru alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Mimi ndiye namwosha, namvalisha, namfunga kitambaa kichwani vile anavyopenda, fundo likae nyuma ya sikio. Nikimaliza kukamua ng'ombe, napika uji wa wimbi nampa. Sioni cha kushangaza hapo. Lakini watu wananichosha, mwanangu. Wananichosha kabisa.

Akina mama wa kanisa huja Jumamosi kunionea huruma. Wananitoa jikoni kwangu, wananiketisha sebuleni kama mgeni, na wakishaenda mimi natafuta mwiko mpaka Jumatatu. Jirani akiniona naanika nguo za Wanjiru kwenye kamba anageuza uso, ati ananihifadhia heshima. Heshima gani? Nguo ni safi na jua lipo.

Lakini aliyenimaliza ni kifungua mimba wangu, Kamau, anayekaa Kiamunyi. Huyo alikwenda shule ya bweni angali mdogo, akapikiwa huko, kisha akaoa akapikiwa tena. Alikuja na gari bila hata kupiga simu, akasema amekuja kumchukua mama yake.

"Baba, watu wanaongea," akaniambia. "Hii si kazi ya mwanaume, tena wa umri wako. Kwangu kuna msichana wa kazi. Wewe pumzika."

Alikuwa ameshaanza kukunja blanketi. Iliniuma, sikufichi. Tumelala nyumba moja na Wanjiru tangu nikiwa na nywele nyeusi, na huyu mtoto anataka kumbeba kama mtungi wa gesi. Nilitaka kumfukuza, lakini Wanjiru akanitangulia.

Wanjiru siku hizi huongea polepole. Akasema, "Kamau. Kabla hatujaenda, nipikie uji."

Kamau akacheka kidogo, akaenda jikoni. Tukamsikia akifungua kabati moja baada ya jingine. Akarudi kuuliza unga wa uji ni upi. Halafu tukamsikia kwenye simu akinong'ona, anamuuliza mke wake kama unga unatiwa maji yakiwa baridi au yakichemka. Nilitaka kuinuka nimsaidie, lakini Wanjiru alinishika kwa ule mkono wake mzima akanikalisha.

Akaleta kitu. Juu maji, chini mawe. Mama yake akaonja kijiko kimoja, kikammwagikia kidevuni, na Kamau akabaki ameshika kikombe akiangalia huku na huku, anatafuta mtu wa kumpangusa. Mtu mwenyewe alikuwa yeye. Mwishowe nilimpangusa mimi.

"Huyo msichana wako," Wanjiru akamuuliza, "ananijua?"

Kamau akaweka kikombe chini.

"Baba yako ananijua. Siendi."

Kamau akalikunjua lile blanketi akamfunika mama yake miguu. Mimi nikamwita jikoni, nikamwonyesha: unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi, ndipo umiminwe kwenye yale yanayochemka. Siku hizi anakuja kila Jumamosi mapema, na akina mama wa kanisa wakifika wanakuta jikoni kumejaa wanaume. Uji wake bado una madonge. Wanjiru anaumaliza wote, na wangu mimi huwa anaacha kidogo ndani ya kikombe.

Basi sikia, mwanangu, na usinifanye nirudie. Ingia jikoni ukiwa na nguvu, usingoje ugonjwa ukusukume humo ukiwa na mvi. Wasichana nao wasimtoe mwanaume jikoni kwa kumhurumia, wamwachie mwiko wake. Na mkiona wazazi wenu wanatunzana, msije na gari kuwatenganisha kwa sababu jirani ameongea. Mwulizeni mgonjwa anataka nini. Ana mdomo, hata kama ni upande mmoja.

Mungu akupe uzee mrefu, akupe na mtu wa kuzeeka naye, na siku atakapokuhitaji, mikono yako iwe inajua la kufanya. Sasa nipishe hapo mlangoni, Wanjiru ameamka na sijamfunga kitambaa.