Kikwata Kwenye Kaburi la Mama

Kikwata ni kichaka cha nyika, kule chini kupita Chekereni, ambako maji ya mfereji hayafiki. Miiba yake imepinda kama kucha za paka. Ukipita kwa pupa hushika nguo. Ukivuta, hushika zaidi. Lazima urudi kinyumenyume ndipo kikuachie.

Mama alizaliwa huko chini. Baba alipomleta mlimani, ndugu zake walimpa jina hilohilo, Kikwata, kwa kuwa eti amemnasa kaka yao. Baba alipofariki hawakulibadilisha. Nami nilipomaliza chuo na kurudi bila kazi, nikawa mtoto wa Kikwata mwenye digrii.

Mama alipofariki naye, tulimzika kihambani, katika shamba letu la migomba, kando ya baba. Kwetu kaburi ambalo halijajengewa hupandwa masale, na penye masale hakuna anayethubutu kutia jembe. Anayeyakata ni mkubwa wa ukoo. Nikaenda kwa baba mkubwa.

"Shikamoo, baba mkubwa. Nimekuja kuomba masale ya mama."

"Marahaba." Alimaliza kwanza pombe yake ya mbege. "Masale ni ya watu wa mlimani. Kampandie kikwata. Si ndiko kwao?"

Shangazi, aliyeketi kando yake, alicheka mpaka akajishika ubavu. "Atalala vizuri, anakunwa mgongo!"

Nilizunguka na neno lile kwa siku kadhaa. Labda ni tusi. Labda ni ruhusa iliyovaa tusi. Nikikataa, kaburi litabaki tupu. Nikikubali, nitakuwa nimempa mama lile jina kwa mkono wangu. Mwishowe nilishuka nyikani, nikang'oa mche pamoja na udongo wake, nikaupandisha mlimani kwenye ndoo na kuupanda kichwani pa mama.

Masika iliukuta kwenye kivuli cha migomba. Majani yakageuka njano, yakadondoka. Baba mkubwa, aliyelima mahindi kule nyikani ujana wake wote, alijua tangu mwanzo kwamba kikwata hakiwezi unyevu wa kwetu.

Mvua zilipokatika alikuja na jembe na chipukizi la mgomba, shangazi nyuma yake.

"Hapa pana nini?"

"Pana mama."

"Mbona sioni masale?"

Alipopiga hatua, kijiti kikavu cha kikwata kilimnasa suruali. Akavuta, ikachanika.

"Yesu wangu! Hata akiwa mfu hamwachii mtu!" Shangazi alipiga makofi kwa kicheko.

Baba mkubwa hakucheka. Aliking'oa, akakitupa mferejini, akachimba. Kisha akaniita.

"Njoo ushike huu mgomba. Uwe wima."

Nikaushika mpaka alipomaliza kufukia.

Jana shangazi alipita Pasua, huku mjini ninakopanga chumba siku hizi, akaniachia chane kutoka mkungu wa kwanza wa mgomba ule. "Tamu hizo, mwanangu," alisema. Iko mezani, inaiva. Kula siwezi. Kutupa nako siwezi.